Kirikuu ya Mwaloni: shajara ya kubana mafuta na kutafuta kuaminiwa na wateja

Siku ya 1, Jumatatu

Naanza kuandika leo maana nimechoka kufika mwisho wa mwezi sijui hela imeenda wapi. Nina kirikuu moja, kigari kidogo cha mizigo, Suzuki Carry ya cc 660, nabeba mizigo ya watu kutoka Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, dagaa ndo nyingi, halafu sato na sangara wa kwenye barafu wa hoteli, siku nyingine nyanya, unga, vitanda, chochote. Kazi ipo. Ila gari inakula mafuta kuliko za wenzangu tunaopaki pamoja pale, na wateja wangu ni wa leo leo, akikupa mzigo leo, wiki ijayo unamuona kapakia kwa mwingine na anakusalimia vizuri tu.

Nimenunua kaunta buku ya kwaya mbili, inakaa juu ya dashibodi na kalamu imefungwa kwa uzi. Kila lita, kila kilomita, kila mteja anaandikwa. Leo asubuhi nimejaza ful tenki mpaka nozeli ikakata yenyewe, nikaandika namba ya odometa hapohapo sheli kabla ya kuwasha gari. Nimeshuka pia kuangalia pampu inaanza sifuri, kitu ambacho miaka yote nilikuwa nasema tu "niwekee ya ishirini" huku nachati.

Siku ya 8

Nimejaza tena, sheli ileile, pampu ileile, mpaka ikakata. Kilomita nilizotembea nikagawanya kwa lita zilizoingia, nikapata kilomita 10.6 kwa lita. Hiki kigari kidogo hivi! Mafuta kwetu yanacheza kwenye elfu 3 lita, kwa hiyo kila kilomita moja inanitoka shilingi 283 kabla sijahesabu kitu kingine chochote. Sijawahi kuijua hiyo namba, na nimeendesha miaka minne.

Kwa anayetaka kujipima mwenyewe, usikadirie kwa mshale wa mafuta, ule unadanganya hasa gari ikiwa imepaki kwenye mwinuko na Mwanza yote ni mwinuko. Ful tenki mpaka ful tenki ndo kipimo.

Siku ya 10

Tairi. Nimeenda kwa mtu wa upepo asubuhi kabla gari haijatembea sana, maana tairi ikishapata moto upepo unasoma juu kuliko ukweli. Mbili za nyuma zilikuwa chini sana na kwa macho zilikuwa zinaonekana nzima. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kistika kwenye nguzo ya mlango wa dereva, changu ni cha Kijapani ila namba zinasomeka, zipo kwa kPa. Ukitaka PSI gawanya kwa karibu 7, yaani 200 kPa ni kama PSI 29. Nyuma panataka zaidi ukibeba mzigo.

Nimeangalia na umri wa tairi, kuna namba 4 ndani ya kiduara ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Moja niliyouziwa kama mpya ilikuwa na miaka sita toka itengenezwe. Duka silitaji, ila sasa hivi sinunui tairi bila kuinama kusoma.

Siku ya 15

11.2. Upepo tu huo, na kupunguza uchafu nyuma ya siti, cheni, jeki mbili, magunia matupu, vyuma vya bodi vya zamani.

Siku ya 17

Hii nitaiandika kwa kirefu kwa sababu naamini kuna watu wengi inawaumiza na hawajui.

Mshale wangu wa joto haujawahi kufika katikati. Nilikuwa naona ni sifa, gari yangu haichemshi, hata nikitoka Igoma kwenda Kisesa na mzigo mshale uko chini kabisa umelala. Leo nimempelekea fundi mwingine pale Igoma, mzee mmoja mtaratibu, siti akaifunua (injini ya kirikuu iko chini ya siti), akashika hozi ya rejeta gari ikiwa imewashwa dakika mbili tu, akaniuliza, "Mwanangu, thamostati nani kaitoa?" Sikujua hata kama kuna kitu kinaitwa hivyo.

Akanielezea. Thamostati ni kimlango kidogo kinachozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. Mafundi wengi huku wakiona gari inachemsha wanaitoa na kuitupa, maji yanazunguka muda wote, gari haichemshi tena na mteja anafurahi. Kumbe injini inafanya kazi ikiwa baridi muda wote, na kwenye gari ya EFI, yaani ambayo mafuta yanapimwa na kompyuta, kompyuta ikisoma kwamba injini ni baridi inaongeza mafuta, kama vile asubuhi ukiwasha, ila yangu ilikuwa asubuhi mpaka usiku kila siku. Na oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu, inachakaa mapema.

Sababu ya kuchemsha ya kwanza kabisa ilikuwa rejeta imeziba kutu, kwa sababu nilikuwa naweka maji ya bomba, na siku nyingine maji ya ziwa kabisa kwa kidumu pale mwaloni. Mzee akasafisha rejeta, akafunga thamostati mpya, akaweka kulenti, yale maji maalumu ya rejeta. Akanipa mfuko una vitu vya zamani vyote, hozi iliyopasuka, klipu, kifuniko cha rejeta, na karatasi kaandika kila spea na bei yake. Nikamuuliza hivi vya zamani nifanye navyo nini. Akasema, "Vya kwako hivyo, uone nilichokitoa ndo nilichokiandika."

Nimeendesha mpaka nyumbani nikiwa naufikiria ule mfuko. Kwa gereji nilizopita zote sijawahi kumwamini fundi ndani ya masaa matatu, na huyu sikumjua asubuhi.

Siku ya 20

Mbalamwezi imeanza, dagaa zimepungua. Kwa wasiojua, dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, wavuvi wengi wanapumzika siku kadhaa na sisi wa mizigo tunakaa. Zamani hizi siku nilikuwa nakaa nalalamika kijiweni. Nimeamua kuanzia sasa mbalamwezi ndo siku za gereji, gari ikilala siku mbili hakuna mteja anayeumia.

Leo nimebadilisha oili na filta, nikasafisha eya klina kwa upepo. Halafu nikafanya kitu alichonifundisha yule mzee, tembea kilomita kama tano bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kugusa. Ya mbele kulia ilikuwa inachoma, nyingine za kawaida. Breki ilikuwa inashika haiachii. Yaani nilikuwa napanda milima ya jiji hili lote huku nimekanyaga breki.

Siku ya 24

Siku mbaya.

Jana mama mmoja wa Mwaloni alinipa gunia 6 za dagaa nipeleke stendi ya Nyegezi zipande basi. Nilipofika tukashusha, gunia 5. Nikahesabu tena, 5. Dogo wangu, utingo ninayefanya naye kazi, anaapa alipakia 6, wapagazi wa Mwaloni wanasema walibeba 6, na mimi wakati wa kupakia nilikuwa kwenye simu naongea na mteja mwingine. Basi ndo hivyo. Hakuna aliyeona.

Nimempigia mama mwenyewe kabla hajapigiwa na mtu wa upande wa pili. Nikamwambia mayu (mama kwa Kisukuma), gunia moja halipo, sijui limepotelea wapi, ila lilikuwa mkononi mwangu kwa hiyo nitalilipa. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekata. Akasema, "Sawa, njoo tuongee." Nimeenda, tumekubaliana nilipe kwa awamu mbili. Ile hela inauma, ni kazi ya siku nyingi, na gunia mpaka naandika hapa halijaonekana.

Siku ya 25

Nimenunua maka peni nene nyeusi na chaki. Kuanzia leo kila gunia linaandikwa likiwa chini, kabla ya kupanda, 1/6, 2/6, mpaka 6/6, mwenye mzigo au mtu wake anasimama pale, tunahesabu kwa sauti, napiga picha bodi ikiwa imejaa, namtumia WhatsApp yeye na anayepokea. Kwenye kushusha hivyohivyo. Simu naweka mfukoni. Inachukua dakika saba, nimepima.

Wenzangu wananiambia nachelewesha foleni. Nimewaelewa, najipanga pembeni.

Siku ya 31, Jumatano

Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wametoa bei kikomo mpya za mafuta. Nimekaa na kaunta buku asubuhi yote na kikokotoo cha simu nikatafuta kilomita moja inanigharimu shilingi ngapi kwa ukamilifu. Nimeandika hivi:

Mafuta kwa sasa 230, maana baada ya thamostati na breki gari imefika 13.1 kwa lita. Oili na filta elfu 55 kila kilomita 4,000, inakuja kama 14. Tairi nne laki 4 na 40, nikijaaliwa kilomita 35,000, ni 13. Bima, leseni ya usafirishaji ya LATRA, stika na vibali vya mwaka vyote laki 4 na nusu, kwa kilomita zangu za mwaka ni 16. Halafu 40 naiweka pembeni kwa ajili ya kuharibika, hii inaenda kwenye laini ya simu ambayo sitembei nayo. Jumla 313, kabla sijajilipa wala dogo hajalipwa.

Sasa hapa ndo akili ilinifunguka. Mwaloni kwenda Buhongwa na kurudi ni kama kilomita 32 kwa odometa yangu. Mteja analipia kwenda, lakini gari inakula kwenda na kurudi. 32 mara 313 ni kama elfu 10. Mimi safari hiyohiyo nimewahi kuifanya kwa elfu 12, kwa 15, kwa 20, na mara moja elfu 25 kwa mama ambaye nilimuona ana haraka. Ya 12 nilikuwa nafanya kazi ya bure na nikifika nusu ya njia naanza kununa, naanza "mama ongeza kidogo, foleni ya Mkuyuni leo mbaya". Ya 25 nilikuwa naiba. Bei zangu zilikuwa zinabadilika kwa sababu mwenyewe nilikuwa sijui gharama yangu, na mteja alikuwa anaona mtu anayemsoma sura.

Nimeandika karatasi, Buhongwa elfu 18, Nyegezi 15, Igoma 15, Kisesa na kwingine nimeandika. Nimeilaminisha, nimeibandika ndani ya mlango. Bei ni ileile kwa kila mtu, jua au mvua, na inabadilika Jumatano ya kwanza tu, mafuta yakibadilika.

Siku ya 33

Mteja wa kwanza kuisoma karatasi amesema elfu 18 ni nyingi, jirani kamwambia 14. Nikamwambia sawa kaka, nenda naye, hamna shida. Ameenda. Imeniuma lakini nimekaa kimya.

Siku ya 36

Karudi. Wa 14 alimsimamisha Butimba akataka 20. Sijamwambia neno, nimeandika gunia zake namba, tukaondoka.

Siku ya 40

Nimekataa mzigo leo, saruji mifuko 14 kwenda Usagara. Mfuko ni kilo 50, hiyo ni kilo 700, na kirikuu ya Japani ya cc 660 imetengenezwa kubeba kilo 350. Tunazidisha wote, najua, mimi mwenyewe nimezidisha mara nyingi, na ndo springi zinalala, breki zinaisha, klachi inanuka kwenye mlima. Nikampigia jamaa yangu mwenye Kenta, lori kubwa kuliko kirikuu, akauchukua. Sikuchukua chochote cha dalali hapo katikati, mteja mwenyewe kaniuliza kwa nini, nikamwambia nataka mzigo wako ufike.

Na hii ya nyutro niiseme hapa. Madereva wengi tukianza kushuka mlima wa Bugando tunatoa gia tunaacha gari iteleze, tunaamini tunaokoa mafuta. Kwa gari ya EFI ni kinyume. Ukiachia aksereta gari ikiwa kwenye gia, kompyuta inakata mafuta kabisa, magurudumu ndo yanazungusha injini. Ukiweka nyutro injini inabidi ichome mafuta ili isizime. Za zamani za kabureta hazina hiyo, lakini hata hizo, mteremko na mzigo bila gia breki peke yake ndo imeshika roho yako na za waliopo mbele. Weka gia ya tatu, shuka taratibu.

Siku ya 47

Hoteli moja ya upande wa Capripoint wamenijaribu, sato na barafu saa 12 asubuhi, mara tatu kwa wiki. Kabla ya hapo mwenye jiko, dada mmoja makini sana, alikuja mpaka kwenye gari, akapanda nyuma kwenye bodi, akainama akanusa. Kweli kabisa, akanusa. Akasema, "Kaka, hapa dagaa zimelala." Na alikuwa sahihi, mimi pua yangu ilishazoea.

Siku hiyo mzigo hakunipa. Nimeosha bodi kwa sabuni ya unga na maji ya moto, nikasugua kwenye mikunjo yote ya bati ambako vumbi la dagaa linakaa, nikaacha juani, nikarudia kesho yake kwa maji ya ndimu na majivu. Nimenunua turubai la pili, moja la dagaa, moja la vingine, na nimelitia alama nyekundu pembeni ili dogo asikosee. Nilivyoosha nikakuta kutu imeanza chini, nikaikwangua nikapaka rangi, ingekula bodi kabla ya mwaka kuisha. Ameninusia tena Alhamisi. Akanipa.

Siku ya 52

Mvua kubwa toka saa 10 alfajiri, maji barabarani, magari yamesimama. Saa 11 na nusu nikajua sifiki saa 12. Nimempigia dada wa hoteli hapohapo nikamwambia nitafika saa 12 na dakika 40, samaki wako kwenye barafu, napiga tena nikifika mjini. Nimefika 12 na 35. Hakukasirika, alikuwa ameshabadilisha chai waanze na kitu kingine.

Zamani ningesubiri yeye apige, halafu ningesema "nipo hapa karibu" wakati nipo Pasiansi.

Siku ya 58

Hoteli wanataka risiti na jina la biashara. Nimesajili jina BRELA, kwa wasajili wa biashara, kwa mtandao, nimeenda TRA, watu wa kodi, kuelekezwa mambo ya risiti, nimechukua lipa namba yenye jina la biashara badala ya jina langu. Mzee mmoja wa unga kaniambia alivyoona jina la biashara kwenye meseji ya malipo ndo alianza kunihesabu kama ofisi.

Jioni nimeangalia deni la gari kwenye simu, faini na maegesho. Faini moja ya elfu 30 ilikuwa imekaa tu sikuijua. Nimelipa. Nimeweka kuangalia kila Ijumaa.

Siku ya 66, Jumatano

Bei kikomo mpya. Mafuta yameshuka kidogo. Nimepiga hesabu, kwenye safari ya Buhongwa inanipunguzia karibu shilingi 500, nikafuta 18,000 nikaandika 17,500, nikatuma kwa wateja wote meseji moja.

Simu zilivyoanza kuingia! Mmoja anauliza kama nimekosea. Mwingine anasema hajawahi kuona nauli ya mzigo inashuka toka aanze biashara. Yule mama wa gunia lililopotea alipiga saa 4, akasema "wabeja sana", asante sana kwa Kisukuma, halafu akanyamaza kidogo kama siku ile, akasema dada yake anachukua dagaa pia anapeleka Sengerema, je naenda. Nikamwambia naenda. Toka daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 Sengerema imekuwa safari ya kupanga, zamani ulikuwa unafika kivukoni hujui utavuka saa ngapi, huwezi kumuahidi mtu muda. Mafuta najazia Mwanza kabla ya kuvuka, maana bei kikomo inapanda kadri unavyosogea mbali na kule mafuta yanakotoka.

Siku ya 76

Hesabu ya mwezi. Kilomita 2,400. Kwa ile 10.6 ya mwanzo zingekuwa lita 226, nimetumia 183. Lita 43, kama laki 1 na 29 kwa mwezi. Nusu imeenda kumalizia deni la gunia, limeisha leo, nimempa mama mkononi, akanionyesha kwenye daftari lake alivyokuwa ameandika jina langu na akalikata kwa mstari mbele yangu. Nusu nimempa dogo nyongeza kwa sababu maka peni na chaki ni kazi yake, na toka siku ya 25 hatujapoteza hata gunia moja.

Wateja wa kudumu sasa ni tisa. Nilianza na wawili.

Siku ya 78

Mbalamwezi. Gari iko Igoma kwa mzee, anabadilisha bushi za mbele na kuangalia alaimenti kwa sababu tairi ya kushoto inalika upande wa ndani. Nimemuachia ufunguo nikaenda msibani Nyakato, kitu ambacho kwa fundi sijawahi kufanya. Saa 9 kapiga, kasema bushi moja bado nzima, hataibadilisha, nirudi kuchukua hela ya hiyo bushi.